Mkwaju wa Pointi Tatu

Wageni wangu huhesabu. Wakishuka kreta ya Ngorongoro wanataka kujua simba wangapi, vifaru wangapi, na kwa nini twiga hakuna hata mmoja. Jioni tukirudi Karatu wanasomeana matokeo mezani kama watu waliotoka uwanjani, na aliyeona chui huinua glasi. Mimi ni dereva na mwongozaji wao. Kazi hii niliianza nikiwa msichana, wakati madereva wenzangu wa kiume wakinicheka kwamba nitalia siku ya kwanza nikipata pancha. Sikulia. Nilibadilisha gurudumu kwenye mteremko wa kuingilia kreta huku mgeni wangu akinishikia kofia, na tangu hapo wakaacha kunicheka, au wakawa wanachekea mbali.

Nimezaliwa Karatu, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa. Baba na mama walitoka Singida kutafuta kazi wakasahau kurudi. Sina ng'ombe, sina mbuzi. Nina ulimi mkali na macho mazuri, na vyote viwili vimenilisha.

Mgeni ninayemkumbuka hapa hakuhesabu kitu. Alikuwa mzee wa Kimarekani, mrefu, aliyepinda kidogo kiunoni, na mguu wa kulia aliutembeza kwa uangalifu kama kitu cha kuazima. Mkewe alikuwa mfupi na mchangamfu, darubini haikumtoka shingoni. Siku ya kwanza niliwapandisha mapema kupitia geti la Loduare, tukakata ukungu wa msituni, nikawasimamisha pale ukingoni ambapo kreta hufunguka yote chini yako. Nimefika pale mara ambazo siwezi kuzikumbuka na bado huwa napunguza sauti. Mkewe, niliyekuwa namwita mama, alishika mdomo. Mzee alikuwa amempa kreta mgongo, mkono juu, anatafuta mtandao kwenye simu.

Nilinuna. Kreta siyo yangu, lakini nikimfikisha mtu pale naye asiiangalie, huwa naona kama amekataa chakula nilichokipika.

Mama aliniona. Akaja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Usimkasirikie. Ana kesi."

"Kesi ya nini, mama?"

"Ya mkwaju alioupiga kabla hajanioa."

Nilidhani sijaelewa vizuri. Nikanyamaza, kwa sababu safari ilikuwa ya siku kadhaa na mgeni mwenye jambo moyoni hulitoa mwenyewe ukimwacha.

Alilitoa mchana, tulipoegesha kando ya bwawa la viboko kula chakula cha kwenye boksi. Pale huwa tunakula ndani ya gari, kwa sababu mwewe wa pale hawana adabu, wanaweza kukunyang'anya paja la kuku ukabaki unajilamba vidole. Mzee alichukua yai la kuchemsha, akalisimamisha kwenye kiganja.

"Mpira wetu uko hivi," alisema. "Siyo wa mviringo kama wenu."

Akanieleza mchezo wa kwao, ule ambao watu huvaa kofia ngumu na kugongana mabega. Timu inausukuma mpira mbele kidogo kidogo kuelekea mstari wa mwisho. Mtu akiuvuka mstari na mpira mkononi, pointi sita. Wakikwama njiani wana njia nyingine: wanamwita mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga tu. Mwenzake anausimamisha mpira chini kwa kidole, yeye anakuja mbio anaupiga, ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu wanapata pointi tatu. Uwe umepigwa kutoka karibu au kutoka mbali, ni tatu.

"Mimi nilikuwa huyo mpigaji," alisema. "Si mtu anayependwa sana. Wenzake wanavuja damu, yeye amekaa benchi na nguo safi. Halafu anaitwa, na akikosa, yeye ndiye aliyewafungisha."

Sasa huko kwao kulikuwa na pendekezo. Baadhi ya watu wa ligi ya kulipwa walitaka kanuni ya pointi ibadilishwe, mkwaju uliopigwa kutoka mbali, kupita katikati ya uwanja, uhesabiwe nne. Wengine walipinga. Kulikuwa na kamati ya kuamua, na keshokutwa yake, alasiri ya huku kwetu, kamati hiyo ingemwita mzee kwenye simu ya picha ili aseme anaunga mkono au la. Walimtaka yeye kwa sababu mkwaju wake wa miaka ile, wa mbali kupita kiasi, ndio uliotolewa mfano na wote waliotaka badiliko. Akikubali, kanuni mpya ingeitwa kwa jina lake.

Nilishangaa mpaka nikasahau kutafuna. Mchezo wenyewe haukunishangaza, watu kugongana mabega nimeshawaona kwenye foleni ya mafuta ya taa nikiwa mdogo. Kilichonishangaza ni hiyo tatu. Mimi ni mpenzi wa mpira wa miguu, nimegombana na watu wazima kwa ajili ya mpira, na maisha yangu yote nimejua goli ni moja, liwe la mbali au la kusukuma kwa goti. Nilijua hivyo jinsi ninavyojua ng'ombe ana miguu minne. Haikuwahi kunijia kwamba kuna siku watu walikaa mezani, wakainua mikono, wakakubaliana iwe moja, na kwamba watu wengine wanaweza kukaa kesho wakaifuta. Niliangalia viboko wamelala kwenye tope lao, nikaona dunia imelegea kidogo chini ya magurudumu yangu.

"Na wewe mzee unataka nini?" nilimuuliza.

"Tulifungwa kwa pointi moja," alianza.

Mama, aliposikia maneno hayo, alisimama, akatoa kichwa nje ya paa la gari, akaelekeza darubini kwa viboko ambao walikuwa karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua. Nikaelewa kwamba hadithi hiyo alikuwa ameisikia hadi imemtoka puani.

Aliisimulia kwa kifupi. Mechi kubwa kuliko zote alizowahi kucheza, mkwaju wa mbali kuliko wote aliowahi kupiga, ukapita, watu wakaimba jina lake, halafu kipindi cha pili timu yake ikafungwa kwa pointi moja. Ungehesabiwa nne wasingefungwa siku ile. Wenzake walimwambia hivyo kwa miaka mingi, kila wakikutana, kwa upendo. Baadhi yao wamekufa wakimwambia. Akisema ndiyo mbele ya kamati, atakuwa mzee aliyeenda kuombaomba pointi yake uzeeni. Akisema hapana, atakuwa ameupiga teke mkwaju wake mwenyewe. Miezi yote tangu wamwandikie hajalala vizuri, na mama naye hajalala.

Nilimwambia, kwa sababu ulimi wangu haungoji, kwamba huku kwetu mechi ikiisha imeisha, kesho kuna nyingine. Alinitazama bila hasira.

"Hiyo haikuisha," alisema.

Kesho yake niliwapeleka Olbalbal. Mama alikuwa ameniomba boma lisilo na ngoma wala shanga za kuuza, nyumba ya watu wanaoishi tu. Nilikuwa na moja. Huko tambarare, chini ya nyanda za juu za kreta, ambako kiangazi hata upepo una kiu, kuna mama wa Kimasai aliyewahi kunipa maji ya kutia kwenye rejeta ya gari mwaka wa ukame. Maji ya Olbalbal wakati wa ukame siyo kitu cha kumpa mtu usiyemjua. Tangu hapo nikipita huwa namletea sukari na majani ya chai kutoka Karatu, naye hunikemea kwamba nimeleta kidogo.

"Takwenya," nilimwamkia kwa Kimaa, lugha yao.

"Iko," aliitikia, kisha akahamia Kiswahili. "Dada, leo umeleta wazee wako?"

"Wageni, yeyo," nilisema, yaani mama, ndivyo ninavyomwita. "Wanataka kuona mnaishije."

"Tunaishi hivihivi," alisema, akawapa vigoda.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Mumewe alikuwa ameenda mnadani, ng'ombe walikuwa wameenda kisimani na shemeji zake, yeye anashona ngozi ya kibuyu iliyochanika. Mzee alikuwa na simu yake mkononi ingawa nilishamwambia hakuna mtandao. Mama wa Kimarekani akageuka kwangu, akaniomba nimuulize mwenyeji wetu ana ng'ombe wangapi.

Hapo nilifanya ninavyofanya siku zote. Nilimgeukia mwenyeji nikasema, "Yeyo, anauliza, ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikawageukia wageni. "Anasema ni wengi wa kutosha."

Mzee aliinua macho kutoka kwenye simu. "Amesema neno moja," alisema. "Neno moja haliwezi kubeba yote hayo."

Nilikamatwa. Ikabidi nieleze. Huku mtu haulizwi idadi ya mifugo yake, wala ya watoto wake. Kitu chenye uhai hakihesabiwi kwa sauti, ukikihesabu unakiitia hasara. Sisi tuliokulia Karatu tunalijua hilo tangu utotoni, na sisi waongozaji tumejifunza kuligeuza swali njiani, likitoka kwa mgeni ni idadi, likifika kwa mwenyeji ni salamu. Nimelifanya hivyo kwa miaka na hakuna mgeni aliyewahi kuhesabu maneno.

"Sasa anajuaje kama wamerudi wote?" mzee aliuliza.

"Anawaangalia."

"Bila kuhesabu."

"Bila kuhesabu."

Nilimwambia yeyo tulichokuwa tunabishania. Alicheka hadi sindano ikamponyoka. "Mwambie asubiri," alisema. "Wanakuja sasa hivi."

Siku hiyo walirudi mapema, jua likiwa bado juu. Kwanza tuliona vumbi, baadaye kengele, kisha ng'ombe wenyewe, wakavu na wenye matumbo yaliyojaa maji. Yeyo aliacha kibuyu, akaenda kusimama kwenye mlango wa boma, ule uwazi ulioachwa katikati ya ua wa miiba. Hakuinua kidole. Midomo haikusogea. Alisimama mikono nyuma, na ng'ombe wakampita, mwekundu, mweusi mwenye paji jeupe, wa madoa, fahali mwenye nundu iliyolala upande, ndama wanaogongana miguuni mwa mama zao. Hawakupita kwa mstari kama watoto wa shule. Waliingia wakisukumana, kwa vurugu na vumbi, wengine wawili kwa pamoja, mmoja akarudi nyuma akaingia tena.

Nimeona tembo wakivuka mbele ya gari langu, nimeona nyumbu wakifunika nchi. Lakini kila nikisimama na mtu kwenye mlango wa boma, ng'ombe wakirudi, nywele hunisimama. Uso wa yeyo ulikuwa mtulivu kabisa, kama wa mtu anayesikiliza. Nilikuwa nimeshayaona hayo na bado niliona kwamba naona jambo kubwa, na kwamba sina namna ya kulieleza kwa Kiingereza cha utalii.

Vijana walipoanza kuburuta matawi ya miiba kufunga mlango, yeyo aliinua mkono.

"Bado."

Shemeji yake, kijana mrefu aliyejifunga shuka jekundu, akamuuliza kwa Kimaa. Yeyo akajibu, kisha akanitafsiria bila kuombwa, "Yule wa kijivu wa sikio lililochanika. Mama yake nilikuja naye hapa nilipoolewa." Kijana akatia fimbo begani akarudi alikotoka.

Mzee alikuwa ameweka simu mfukoni, sikuona aliiweka saa ngapi. Alinivuta mkono. "Muulize. Aliona pengo? Aliona nafasi iko wazi? Alijuaje?"

Nikamuuliza.

"Sikumwona tu," yeyo alisema, akarudi kwenye kibuyu chake.

Tulikaa tukisubiri. Baadaye kijana alirejea, na yule wa kijivu mbele yake anachechemea, mwiba kwenye kwato. Yeyo akasimama tena mlangoni mpaka alipopita. "Sasa hawajapungua," alisema, na matawi yakavutwa. Mzee aliniuliza neno hilo la mwisho lina maana gani. Nikamweleza, hakuna kilichotoka ndani yao, wako kamili. Akalirudia kwa Kiingereza, polepole, mara mbili.

Kwenye begi alikuwa na mpira wa kwao, umetolewa upepo, aliokuwa ameubeba ili awape vijana zawadi. Vijana walikuwa wameshauona kwenye mdomo wa begi na hawakuwa na subira. Akaujaza kwa pampu ndogo, wakaucheka umbo lake, wakarushiana, ukawaponyoka. Kisha kijana wa shuka jekundu akauliza mzee mwenyewe anaufanyia nini.

"Mgongo wako," mkewe alimwambia.

"Mmoja tu," alisema, anavua koti.

Alihitaji mtu wa kuusimamisha mpira, na macho yake yakaniangukia mimi. Nilipiga goti kwenye vumbi, nikauegemeza wima kwa ncha ya kidole kimoja, kama alivyonionyesha. Mbele yetu, mbali, mbali ambako vijana waliapa rungu halifiki, ulisimama mgunga mmoja peke yake. Mzee alihesabu hatua zake kurudi nyuma, akasimama, akavuta pumzi. Nilikuwa nawaza juu ya kidole changu na jinsi nitakavyoshika usukani bila hicho.

Nilisikia viatu vinakuja, kisha kishindo ambacho sikukisikia kwa masikio, nilikisikia kwenye goti, kwa kupitia ardhi. Kidole kilikuwepo na mpira haukuwepo. Nikainua uso. Ulikuwa umeshakuwa mdogo, unapanda ukijizungusha, ukapanda tena pale ambapo nilidhani umemaliza kupanda, ukasimama kidogo juu ya tambarare yote ile ya kijivu, na milima ya kreta nyuma yake, halafu ukaanza kushuka taratibu ukapita juu ya kilele cha mgunga ukaangukia upande wa pili. Vumbi dogo liliruka. Sauti ya kuanguka kwake ilitufikia baadaye.

Mimi nilikuwa bado nimepiga goti, kidole hewani, na machozi yamenilenga bila sababu ninayoweza kuitaja, zaidi ya kwamba mwili wa mzee, uliokuwa ukipanda gari langu kwa kushikwa mkono, ulikuwa umehifadhi kitu kile ndani yake muda wote. Mzee mwenyewe alikuwa ameshika kiuno anahema, anatabasamu kwa aibu. Kijana wa shuka jekundu alitembea hadi kule, na tulimngoja muda mrefu, akarudi ameubeba mpira kwa mikono miwili kama mwanakondoo.

Yeyo ndiye aliyeanza kuuliza. "Huyu mzee kazi yake kwao ni nini?"

Nikamweleza yote, pale pale, nimekaa chini. Kwamba kazi yake ilikuwa hiyo. Kwamba kuna siku aliupiga mwingine, wa mbali kuliko huu, mbele ya watu wengi. Kwamba ulihesabiwa tatu, na sasa wakubwa wa kwao wanataka mikwaju kama hiyo iwe nne, na kesho atapigiwa simu aseme anataka au hataki, naye halali.

"Tatu nini?" yeyo aliuliza.

"Pointi."

"Aliupiga mara tatu?"

"Mara moja, yeyo."

Alifikiri. Hakuonekana kuona cha kuchekesha wala cha kufundisha, alikuwa anataka kuelewa tu, kama mtu aliyeambiwa habari za ng'ombe wa boma la mbali. "Ulikuwaje?" akauliza.

Nikamgeukia mzee. "Anauliza ule mkwaju wako ulikuwaje."

"Tulifungwa kwa pointi..."

Niliinua mkono, hivyo hivyo alivyoinua yeyo mlangoni. "Bado," nikasema, kwa Kiswahili, ulimi ukiwa umenitangulia, kisha nikamtafsiria. "Hajauliza hilo. Anataka kujua unafananaje. Rangi yake. Anataka autambue akiuona."

Nilidhani nimevuka mpaka. Mgeni ni mgeni. Lakini mzee aliketi kwenye kigoda, akafumba macho, na tukamsubiri kama tulivyomsubiri ng'ombe wa kijivu. Alipoanza, alianza na mvua.

Ilinyesha tangu asubuhi, alisema, uwanja ukawa matope meusi, na matope yale yalikuwa na harufu ya majani yaliyooza. Nguo za wote zilikuwa rangi moja. Rafiki yake, aliyemshikia mpira, alikuwa amechanika kidole mwanzoni mwa mechi, akakifunga kitambaa cheupe, na kitambaa hicho ndicho kitu cheupe pekee alichokiona uwanja mzima. Alikikazia macho. Alipoupiga, mpira ulikuwa mzito kwa maji, mguu ukazama ndani yake, na pale pale alijua. Hakuuangalia ulikokwenda. Alimwangalia rafiki yake, bado amepiga goti, uso juu, mdomo wazi, mvua inamwingia mdomoni, macho yake yanaufuata mpira unapanda, unapanda. Habari kwamba umepita aliisoma kwenye uso huo, kabla ya kelele za watu. Rafiki huyo sasa ni marehemu.

Nilikuwa natafsiri sentensi kwa sentensi. Yeyo alisikiliza bila kushona.

"Nimeuona," alisema.

Nikamwambia mzee. Alitikisa kichwa chake kukubali, akakitikisa tena. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake. "Hukuwahi kuniambia habari za kitambaa," alisema.

"Sikukumbuka kama kilikuwepo," mzee alijibu.

Mpira tuliuacha Olbalbal. Koti nusura tuliache nalo.

Siku ya simu, umeme wa Karatu uliamua kupumzika na mtandao wa loji ukapumzika nao. Mama alitaka kulia. Nikawapakia nikawapeleka njia ya Qurus, mahali kwenye kilima ambapo najua simu hushika vizuri, katikati ya mashamba ya mahindi na mbaazi. Wakulima walikuwa wakipalilia, wakatuangalia, wakaendelea kupalilia. Niliiegemeza simu kwenye dashibodi. Nilitaka kushuka niwaache, mzee akanionyesha kwa kidole nikae.

Sura za watu zikatokea, wenye tai, wenye vikombe vya kahawa, kwao ndiyo kwanza kunakucha. Walimsalimu kwa heshima. Mmoja alisoma pendekezo, akalitaja jina la mzee ambalo kanuni ingebeba. Kisha akaulizwa anaunga mkono au la.

"Niwaambie kwanza ulikuwaje," alisema.

Aliwaambia mvua. Aliwaambia harufu ya matope, kitambaa, mdomo wa rafiki yake. Kwa adabu walimwacha aseme, ingawa mmoja aliitazama saa yake na mwingine alikuwa anasoma kitu pembeni. Alipomaliza sikujua wameyapokeaje, kwa sababu nyuso za kwenye simu ni ndogo.

"Mkitaka kuweka nne, wekeni," alisema. "Vijana wa leo wanapiga kutoka mbali kuliko sisi, na huenda mna sababu nzuri. Sitawazuia. Lakini sababu isiwe mkwaju wangu. Haujapungua. Na jina langu msiliweke, halikosi pa kukaa."

Neno hilo nililijua lilikotoka, nililibeba mimi mwenyewe kutoka mlango wa boma hadi kwake, na sasa lilikuwa limesemwa kwa wakubwa wa mchezo wa nchi kubwa, kwenye gari langu lenye vumbi, Qurus.

"Kwa hiyo tuandike hapana?" sauti moja iliuliza.

"Andikeni nilivyosema," alijibu, akawashukuru, akakata.

Sijui waliamua nini. Sijauliza, naye siku zote zilizobaki hakuuliza, ingawa mtandao ulirudi. Siku iliyofuata aliniomba turudi ukingoni, pale niliponuna, akasimama akaiangalia kreta hadi mkewe akaanza kusikia baridi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kurudi kwetu kutoka kilimani, baada ya simu. Mzee alikuwa kiti cha mbele, amelaza kichwa. Mkewe, aliyekaa nyuma, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akiondoka hadithi hiyo ikianza, alisogea mbele akaweka viwiko kwenye viti vyetu.

"Hebu nianzie tena," alimwambia. "Kwenye mvua."

Mzee akaanza. Geti la loji lilikuwa limeshaonekana, ng'ambo ya bonde, na alikuwa hata hajafika kwenye kitambaa. Nikakata kushoto, nikashika njia ndefu inayozunguka mashamba ya mbaazi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.